Kitanda Hakikai Kitupu: Chanjo ya Nimonia na Bakteria Wanaohamia

Jumapili moja muhula uliopita dada yangu alinipigia simu. Nilikuwa rumu, najisomea testi ya mikrobiolojia. Mwanawe, mpwa wangu, alikuwa na umri wa wiki 13, na siku hiyo ndiyo walikuwa wametoka wodini baada ya kulazwa kwa nimonia.

"Shikamoo dada. Poleni sana. Mtoto anaendeleaje?"

"Marahaba. Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Sasa hebu nieleze, wewe si ndiye msomi wetu? Mtoto nimempeleka kliniki wiki ya 6, nikampeleka wiki ya 10. Kadi ninayo hapa mkononi, imeandikwa chanjo ya nimonia mara mbili. Hiyo nimonia imetoka wapi tena?"

Bahati, au niseme bahati mbaya, wiki hiyo hiyo tulikuwa tumefundishwa kinachowapata bakteria baada ya watoto kuchanjwa. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba ada hailipwi bure. Nikamwambia chanjo ile inalenga aina 13 tu za bakteria, na kwamba hao wakiondoka aina nyingine zinachukua nafasi yao. Dada akanyamaza kidogo, halafu akauliza:

"Kwa hiyo tunafukuza wezi tunaowajua, tunawafungulia mlango tusiowajua?"

Nikacheka. Nikamjibu, "Kama hivyo, dada." Tukaagana, nikarudi kwenye notisi zangu.

Wiki tatu baadaye mama akaniambia kwamba wiki ya 14 dada hakwenda kliniki. Alipoulizwa alijibu, "Mdogo wangu anasoma mambo hayo chuo, amesema zinaleta wadudu wengine."

Sikuwa nimesema hivyo. Lakini ukweli nusu nilioutoa ulipofika kwake ulikuwa umeshageuka kuwa hivyo, na mwenye kosa ni mimi. Makala hii ni deni langu. Nitaeleza kile nilichopaswa kumweleza dada siku ile, na ambacho hata darasani wengi wetu tulikikariri kwa ajili ya UE bila kukielewa.

Bakteria mwenye koti

Waliofika maabara ya mwaka wa pili wanamfahamu. Kwa jina la kitaalamu anaitwa Streptococcus pneumoniae; hapa nitamwita nimokokasi. Ukimwotesha kwenye agari yenye damu, koloni zake zinazungukwa na rangi ya kijani iliyofifia, na zikikaa zinabonyea katikati kama kizibo cha soda tunachochezea drafti. Ukimpaka rangi za Gram na kumweka chini ya hadubini unamwona wa zambarau, wawili wawili. Ukiweka kidonge cha optochini, anakufa pembeni yake. Hayo ndiyo majibu ya mtihani.

Kinachotuhusu leo ni koti lake. Nimokokasi anajifunika kwa tabaka la sukari, nalo ndilo silaha yake kubwa. Seli nyeupe za damu zinapojaribu kumkamata ili zimmeze, koti linazifanya zishindwe kumshika. Nimokokasi asiye na koti ni mnyonge, mwili unammaliza haraka.

Koti si la aina moja. Sukari zimepangwa kwa namna tofauti tofauti, na hadi sasa wanasayansi wametambua aina zaidi ya 100. Kila aina wanaiita serotaipu na kuipa namba, wakati mwingine na herufi: 1, 3, 14, 6B, 19A, 19F, 23F. Njia ya zamani ya kuzitofautisha ilielezwa na Mjerumani Fred Neufeld mwaka 1902: unamchanganya bakteria na kingamwili za koti fulani, na zikikubaliana, koti linaonekana chini ya hadubini kama limevimba. Zisipokubaliana, hakuna kinachotokea. Shikeni jambo hilo, kwa sababu ndilo msingi wa yote yatakayofuata: kwa kawaida kingamwili zilizofundishwa koti moja hazilitambui koti jingine.

Jambo la pili la kushika: nimokokasi anaishi wapi? Makazi yake ya kawaida ni nyuma ya pua, pale pua inapokutana na koo. Hapo anakaa wiki au miezi, mara nyingi bila kumsumbua mwenyeji wake. Hali hiyo kitaalamu ni kubeba, na watoto wadogo ndio wabebaji wakubwa. Wanapiga chafya, wanachangia kijiko, wanabusiwa na bibi, naye bakteria anahama. Ugonjwa unaanza anapotoka pale na kwenda kusikotakiwa: kwenye sikio, kwenye mapafu, na vibaya zaidi kwenye damu au kwenye utando wa ubongo, ndiyo ile homa ya uti wa mgongo.

Kwa hiyo kubeba ni kitu kimoja, kuugua ni kitu kingine. Mimi kwenye simu nilivichanganya.

Chanjo inalenga koti

Kuna chanjo za zamani za nimokokasi zilizotengenezwa kwa sukari ya koti peke yake. Ile ya aina 23, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1983, bado inatumika kwa watu wazima. Tatizo ni kwamba kinga ya mtoto wa chini ya miaka 2 haijali sukari tupu. Inahitaji msaada wa seli T, na seli T huamshwa na protini. Ndipo likaja wazo la kuifunga sukari kwenye protini. Mwili wa mtoto unaiona protini, unashtuka, unatengeneza kingamwili dhidi ya sukari iliyobebwa nayo, na unaweka kumbukumbu.

Ila kila sukari inabidi itengenezwe na kufungwa kivyake. Huwezi kutia zote 100 kwenye chupa moja, hivyo lazima uchague. Chanjo ya kwanza ya watoto ya namna hii, iliyoanza Marekani mwaka 2000, ilikuwa na aina 7: 4, 6B, 9V, 14, 18C, 19F na 23F. Zilichaguliwa kwa sababu ndizo zilizokuwa zikiwaumiza zaidi watoto wa kule, na nyingi kati yake zilikuwa zimeanza kuidharau penisilini. Baadaye ikaja ya aina 10, iliyoongeza 1, 5 na 7F, halafu ya aina 13, iliyoongeza tena 3, 6A na 19A.

Kenya ilianza na ile ya aina 10 Januari 2011. Tanzania ilianza na ya aina 13 mwishoni mwa 2012 kuingia 2013, pamoja na chanjo ya rota ya kuzuia kuharisha. Ratiba yetu ndiyo ile iliyo kwenye kadi ya dada: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Piga hesabu ya umri wako. Wengi tunaosoma chuo sasa tulizaliwa kabla ya hapo na hatukuchanjwa. Mtaona mbele kwamba hata hivyo tunanufaika.

Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza ambalo dada alistahili. "Nimonia" inayoandikwa kwenye cheti cha wodini ni jina la hali ya mapafu, si jina la bakteria mmoja. Inaweza kusababishwa na nimokokasi wa aina zilizomo kwenye chanjo, nimokokasi wa aina nyingine, bakteria wengine kabisa, au virusi, na kwa watoto wachanga virusi ni sababu kubwa. Kumkuta mtoto aliyechanjwa ana nimonia hakuonyeshi kwamba chanjo imeshindwa, kama vile kumkuta mtu mwenye chandarua anaharisha hakuonyeshi kwamba chandarua kimetoboka.

Hosteli yenye vitanda vichache

Sasa tuingie kwenye lile nililolisema vibaya. Nitatumia mfano wa hosteli, maana hapa hakuna asiyeijua.

Chukulia nyuma ya pua ya mtoto ni rumu ya hosteli. Vitanda ni vichache, wanaovitaka ni wengi. Aina za nimokokasi zinagombania nafasi hiyo hiyo na chakula hicho hicho. Mwenye kitanda anaweza kubaki peke yake, na mara nyingine wawili watatu wanabebana kwenye kitanda kimoja, kama tunavyobebana sisi bumu likichelewa. Sitanii, watafiti wakichukua ute wa mtoto mmoja kwa kijiti cha pamba wanaweza kukuta aina mbili au zaidi.

Inakuja chanjo. Mtoto aliyechanjwa anakuwa na kingamwili hadi kwenye ute wa pua, hivyo zile aina 10 au 13 zinapata shida kuingia na kukaa. Ni sawa na wadeni wa chuo kupita na orodha: waliomo kwenye orodha watoke. Watoto wengi wakichanjwa, orodha inatekelezwa rumu kwa rumu, na mwisho aina zile zinakosa hosteli nzima.

Hilo lina faida ambayo hutaiona kwenye kadi ya mtoto yeyote. Mtoto asiyebeba aina 14 hawezi kumwambukiza bibi aina 14. Mtoto wa wiki 3 ambaye hajafikia hata chanjo ya kwanza analindwa kwa sababu kaka yake amechanjwa. Wewe na mimi tunalindwa na wadogo zetu. Hiyo ndiyo kinga ya jamii.

Lakini kitanda cha hosteli hakikai kitupu, mnajua wenyewe. Waliokuwa kwenye foleni wanaingia. Aina ambazo hazimo kwenye orodha, na ambazo zamani zilikuwa zinasukumwa pembeni na wababe, sasa zinapata nafasi. Uhamaji huo ni wa kweli, umepimwa nchi nyingi, na si siri ya kufichwa. Swali ni moja: hao walioingia ni watu wa namna gani?

Twende Kilifi

Bahati nzuri sehemu moja iliyolipima swali hili kwa makini ipo jirani, pwani ya Kenya. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust ambacho tangu mwaka 2000 kinahesabu watu wa eneo hilo, zaidi ya robo milioni, na kufuatilia nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Watoto wanaolazwa hospitali ya Kilifi huchukuliwa damu ikaoteshwa. Kwa hiyo waliijua hali ya kabla ya chanjo. Chanjo ilipofika 2011 waliwachanja pia watoto wa chini ya miaka 5 waliokuwa wameshapita umri wa ratiba, kisha wakaendelea kuhesabu.

Kabla ya chanjo, mwaka 2009 na 2010, watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wanabeba aina zilizomo kwenye chanjo. Kufikia 2016 wakawa 8. Upande wa pili, ubebaji wa aina zisizokuwemo ukapanda kwa zaidi ya nusu ya ulivyokuwa mwanzo. Kwa maneno ya hosteli, vitanda vimejaa kama zamani, sura tu ndizo zimebadilika. Ukiishia hapo utasema kama dada: tumefukuza tunaowajua, wameingia tusiowajua.

Sasa ondoka puani, nenda wodini. Watoto wa chini ya miaka 5 waliokutwa na nimokokasi wa aina za chanjo kwenye damu au maji ya uti wa mgongo walipungua kwa asilimia 92. Aina nyingine hazikuongezeka wodini kwa kiwango cha maana. Ukijumlisha aina zote, za chanjo na zisizo za chanjo, ugonjwa mkali wa nimokokasi kwa watoto hao ulishuka kwa asilimia 68. Watoto wachanga wasiofikia umri wa kuchanjwa, watoto wakubwa na watu wazima ambao hawakuchanjwa, nao wakaonekana wanaugua kidogo zaidi kutokana na aina hizo.

Yaani puani vitanda vimejaa, wodini vitanda vimepungua watu. Inawezekanaje?

Si kila mpangaji ana panga

Inawezekana kwa sababu aina za nimokokasi hazilingani kwa ukali. Aina 1 na aina 5, kwa mfano, ni nadra kuzikuta puani kwa mtoto mzima, lakini zinaonekana mara kwa mara kwenye damu ya wagonjwa. Zikiingia hazikai, zinashambulia. Aina 1 ndiyo imewahi kuleta milipuko ya homa ya uti wa mgongo nchi za Afrika Magharibi kama Ghana na Burkina Faso. Kinyume chake, aina kama 11A inaweza kukaa puani muda mrefu, ikienea kwa watoto wengi, na mara chache sana ikafika kwenye damu.

Waliotengeneza orodha ya chanjo hawakuangalia nani amejaa hosteli. Waliangalia nani anawajeruhi watu, ndiyo maana wengi wa waliotolewa ni wakorofi na wengi wa walioingia ni wapole zaidi. Kumi wapole wakichukua nafasi ya kumi wakorofi, idadi ya vitanda inabaki ile ile lakini usiku mnalala.

Jibu la pili kwa dada lilikuwa hilo. Ukitaka kujua kama chanjo inasaidia, usihesabu nani yuko puani. Hesabu wangapi wanalazwa.

Upande mwingine wa hesabu

Ningeishia hapo ningekuwa nimerudia kosa lile lile la ukweli nusu, safari hii kwa upande wa pili. Kuna sehemu waliohamia walileta shida.

Marekani, baada ya chanjo ya aina 7, ugonjwa mkali kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulipungua kwa takriban robo tatu ndani ya miaka michache. Lakini aina moja iliyokuwa nje ya orodha, 19A, ikapanda mwaka hadi mwaka, na nyingi kati yake zilikuwa sugu kwa antibayotiki. 19A haikuletwa na chanjo, ilikuwepo tangu zamani. Ilipata nafasi, na ikasaidiwa na matumizi makubwa ya antibayotiki yaliyowaua washindani wake. Dawa yake ilikuwa kuirekebisha orodha: 2010 ikaja chanjo ya aina 13 yenye 19A ndani, na 19A ikashuka.

Uingereza walianza na aina 7 Septemba 2006, wakahamia aina 13 Aprili 2010. Watoto wao wamebaki kwenye nafuu kubwa. Kwa wazee hali ni tofauti. Kufikia msimu wa 2016/17, aina tatu zisizokuwa kwenye chanjo, yaani 8, 12F na 9N, zilikuwa zinasababisha zaidi ya asilimia 40 ya ugonjwa mkali wa nimokokasi nchini England na Wales, na kwa wazee zilikuwa zimekula sehemu kubwa ya faida iliyopatikana. Mzee mwenye mapafu dhaifu anaweza kuangushwa hata na mpangaji anayeonekana mpole kwa mtoto.

Kuna na aina 3. Imo kwenye orodha ya 13 lakini ni mkaidi. Koti lake ni nene na hulimwaga ovyo, kingamwili zinaishia kushika koti lililomwagwa badala ya bakteria mwenyewe. Nchi nyingi bado zinahangaika nayo.

Panya wa Griffith wamerudi

Mnakumbuka wale panya tuliowakariri kidato cha sita? Mwaka 1928, London, Frederick Griffith aliwadunga panya bakteria hai wasio na koti pamoja na bakteria wenye koti waliouawa kwa joto. Peke yake, kila kundi halikumuua panya. Yalipochanganywa, panya wakafa, na ndani yao akakuta bakteria hai wenye koti. Mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty wakaonyesha kwamba kilichohama ni DNA.

Kitu ambacho mimi sikukigundua hadi mwaka huu ni kwamba bakteria yule ndiye huyu huyu nimokokasi. Alichokifanya ndani ya panya anakifanya hadi leo puani kwa watoto. Wawili wakibebana kwenye rumu moja, mmoja anaweza kuokota vipande vya DNA ya mwenzake, zikiwemo jeni za kushona koti. Anabaki na mwili ule ule na tabia ile ile, ila amevaa koti jipya. Mwaka 2007 watafiti waliripoti Marekani ukoo wa bakteria ambao zamani ulivaa koti la aina 4, mojawapo ya zile 7, ukiwa sasa umevaa koti la 19A. Umefukuzwa mlangoni, umebadilisha koti, umerudi na kitambulisho kipya.

Lakini elewa mpangilio wa mambo. Chanjo haikumfundisha kubadili koti. Anabadili tangu enzi za Griffith, na kabla ya hapo. Chanjo ilichofanya ni kuamua koti gani lina faida kwa sasa. Huo ni uteuzi asilia ule ule wa Darwin, unaofanyika pale pale puani kwa mpwa wangu.

Nilichomwambia dada safari ya pili

Nilimpigia tena. Sikumtajia 19A wala Griffith. Nilianza kwa kukiri: "Dada, siku ile nilikueleza nusu. Naomba nimalizie."

Nikamwambia mambo matatu. La kwanza, hatujui mtoto aliugua kwa mdudu gani, na huenda si wa kwenye chanjo kabisa. La pili, ni kweli wengine wanaingia wakali wakitolewa, lakini wanaoingia wengi si wakali kama waliotoka, na watoto wanaolazwa wamepungua sana. Nikamtajia Kilifi, maana pwani anaijua. La tatu ndilo lililomgusa. Nikamwambia wale waliofukuzwa hawajafa. Hata Kilifi, baada ya miaka mitano ya chanjo, watoto 8 katika 100 bado walikuwa wanawabeba. Wapo getini wanasubiri rumu ambayo haijakaguliwa.

Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu ndiye hiyo rumu?"

Nikamjibu kwamba dozi mbili alizopata ni kinga fulani, ila ya tatu ndiyo inayokamilisha. Na kwamba wiki ya 14 si chanjo ya nimonia peke yake iliyomsubiri pale kliniki. Kuna dozi ya tatu ya ile ya magonjwa matano na kuna za polio. Alipokosa siku moja alikosa zote.

"Nimechelewa, nesi hatanigombeza?"

"Anaweza akagomba kidogo, dada. Lakini atamchanja."

Alikwenda wiki hiyo, mtoto akiwa na wiki 18. Nesi hakugomba, alimuuliza tu kwa nini alichelewa. Dada hakunitaja, na hapo namshukuru.

Tunachobaki nacho

Kwa walio kwenye kozi za afya na sayansi, kazi ya kesho iko wazi. Kila orodha mpya itazaa foleni mpya. Chanjo za aina 15 na 20 tayari zimeidhinishwa Marekani, na zipo zinazotafutwa zitakazolenga protini za bakteria ambazo aina zote wanazo, badala ya koti. Hata tukizipata, lazima awepo mtu wa kuchukua ute, kuotesha damu, kusoma koti na kuandika namba kila mwaka. Nchi isiyopima haiwezi kujua orodha yake imepitwa na wakati. Maabara za namna hiyo kwetu ni chache, na watakaokaa ndani yake ni sisi tunaolalamika kwamba practical ya kuotesha inachosha.

Kwa wengine wote, hata wa sheria na uhasibu: nyumbani kwenu mnaitwa wasomi. Neno lako kwenye simu lina uzito kuliko bango la kliniki. Ukiulizwa jambo ulilolielewa nusu, sema, "Ngoja nikasome, nitakupigia." Mimi ingenichukua jioni moja tu, na mpwa wangu asingekaa wiki nne bila dozi yake.